Tarehe, Karatasi na Mipaka: Njia ya Wakili wa Madai Kutoka Lizaboni

Oktoba 2022 matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi huiita Shule ya Sheria, yalizua mjadala nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walifeli kabisa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ili ichunguze kulikoni. Ndumbaro mwenyewe ni wakili, na wakati ule alikuwa pia mbunge wa Songea Mjini, jimbo lenye kata ya Lizaboni ndani yake.

Takwimu hizo zisimtishe kijana wa Lizaboni mwenye ndoto ya uwakili, ila zimfundishe. Wote 633 walifika pale na shahada mkononi. Mtihani uliowakwamisha ulihusu kazi yenyewe: kuandaa nyaraka za kesi, kupanga ushahidi, kuhoji shahidi, kuandika hoja ikaeleweka. Kazi hiyo haisubiri mahafali ndipo ianze kujifunzwa. Na kwa anayetaka kuendesha kesi za madai hasa, Songea ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko wengi wanavyodhani.

Mtu akitaja wakili, wengi huwaza mauaji, polisi na mshtakiwa kizimbani. Lakini ugomvi mwingi unaowafikisha raia wa kawaida mahakamani hauna polisi ndani yake. Ni kiwanja kilichouzwa mara mbili. Ni mkopo wa kikoba ambao mkopaji kahama mtaa. Ni ndugu wa marehemu wanaomtoa mjane kwenye nyumba, ni bodaboda aliyegongwa na anadai fidia, ni mfanyabiashara aliyetanguliza fedha za mahindi na mahindi hayakufika. Upande mmoja yupo mdai, upande wa pili mdaiwa, na kila mmoja ameshika karatasi yake.

Ruvuma ina kila sababu ya kuzalisha mashauri ya aina hiyo. Mahindi yanatoka karibu kila wilaya, kahawa iko Mbinga, tumbaku Namtumbo, korosho Tunduru, na makaa ya mawe yanachimbwa Mbinga. Palipo na zao kuna mnunuzi, msafirishaji, chama cha ushirika, benki iliyokopesha, na siku moja mmojawapo hatatimiza alichoahidi. Mji nao unapanuka: shamba lililolimwa na babu linakatwa viwanja, na mpaka ambao zamani ulikuwa mti na kijito sasa unapaswa kuwa jiwe lenye namba. Wakili anayeijua hali hii ana kazi ya miaka mingi bila kuhamia Dar es Salaam.

Faida nyingine ya Songea ni kwamba ngazi karibu zote za mahakama ziko jirani. Ipo Mahakama ya Mwanzo, ipo ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ipo Mahakama Kuu, Kanda ya Songea. Mahakama ya Rufani nayo huja kufanya vikao hapa. Milango ya mahakama iko wazi kwa wananchi, na kijana wa kidato cha tano anaweza kukaa kwenye benchi la nyuma wakati wa likizo akatazama kesi ya madai inavyokwenda: nani anaanza kusema, kielelezo kinapokelewaje, pingamizi linaletwa kwa maneno gani, hakimu anaandika nini. Asubuhi chache za namna hiyo zitamwonyesha kama kazi hii inamfaa kweli. Sehemu kubwa yake ni utulivu, kungoja na kusoma, wala si kupaza sauti.

Ajue pia ni kesi gani huenda wapi, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mali isiyohamishika yasiyozidi shilingi milioni 50, na ya mali inayohamishika yasiyozidi milioni 30. Mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu nayo huanzia hapo. Mahakama ya Wilaya inapanda hadi milioni 300 na milioni 200. Tangu mwaka 2021 mawakili wanaruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo pale inapoongozwa na hakimu mkazi, jambo ambalo zamani lilikatazwa. Mabadiliko hayo yaliwafungulia mawakili wachanga uwanja mpana, kwa sababu kesi ndogondogo za mtaani ndizo zinazojenga mkono.

Migogoro ya ardhi, hata hivyo, ina njia yake. Mwaka huohuo wa 2021 sheria iliyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua kesi, ikayabakizia kazi ya kupatanisha. Mgogoro unapelekwa kata kwanza, na baraza likishindwa kupatanisha linatoa hati ya kuthibitisha hivyo ndipo mlalamikaji aende Baraza la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, anaweza kuendelea bila hati hiyo. Wakili haruhusiwi kusimama kwenye baraza la kata, lakini asidhani kwamba hatua hiyo haimhusu. Anayoyasema mteja kule yanaweza kumrudia baadaye, na faili lisiloonyesha kwamba kata ilipitiwa huweza kuondolewa mapema kabla ya shahidi hata mmoja kusikilizwa.

Hebu tuangalie karatasi moja, ya aina ambayo wakili yeyote wa Songea ameishika mara nyingi: mkataba wa mauziano ya kiwanja, umeandikwa kwa kalamu kwenye ukurasa uliochanwa daftarini. Una jina la muuzaji na la mnunuzi, bei, tarehe, saini mbili na dole gumba moja, na muhuri wa serikali ya mtaa. Kwa mnunuzi huo ni ushahidi kamili. Wakili anaanza kuuliza. Kiwanja hiki kiko wapi hasa? Mkataba unasema „hatua 20 kwa 30, karibu na kwa mzee fulani“, na mzee fulani ameshafariki. Sheria ya mwenendo wa madai inataka mali isiyohamishika ielezwe kiasi cha kutambulika, kwa mipaka au namba, na mashauri mengi yamefutwa kwa sababu hakuna aliyeweza kusema ardhi inayogombewa ni ipi. Dawa ni kwenda kwenye eneo lenyewe na kuandika majirani wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi kwa majina, kabla ya kufungua shauri.

Anaendelea. Muuzaji alikuwa na mke? Kama palikuwa na nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla ya kuuzwa. Ushuru wa stempu ulilipwa? Hati isiyolipiwa ushuru huo haipokelewi kama kielelezo mpaka kasoro irekebishwe, na mawakili wamewahi kupoteza siku nzima ya kesi kwa kusahau jambo linalomalizwa TRA. Je, muhuri ule unathibitisha kwamba mwenyekiti wa mtaa alishuhudia fedha zikihesabiwa, au uligongwa wiki iliyofuata? Mwenyekiti yuko wapi leo, na atakubali kuja kutoa ushahidi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, ila wakili anajua kwamba hata yenye daftari hupotea kama daftari limeandikwa ovyo.

Sasa masomo. Kijana akitoka kidato cha sita na mchepuo kama HGL au HKL, akiwa na ufaulu unaotakiwa, anaomba shahada ya sheria, ambayo huchukua miaka mitatu au minne kulingana na chuo. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, hata kabla ya Uhuru wa Desemba, na bado kinaongoza kwa jina, lakini Mzumbe na vyuo vya Iringa viko karibu zaidi na Songea. Aliyeteleza kidato cha nne au cha sita asifunge daftari: Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinatoa cheti na stashahada ya sheria, na wapo waliopitia huko wakaja kupata shahada. Mwenye kazi au familia anaweza kusoma kupitia Chuo Kikuu Huria bila kuhama mkoa, ingawa njia hiyo inadai nidhamu kubwa kuliko ya bweni.

Mfumo huu wa shahada kisha shule ya vitendo si wa Tanzania peke yake. Nchi za Karibiani zinazozungumza Kiingereza, ambazo nazo zilirithi sheria ya Uingereza, humtaka mhitimu aende miaka miwili zaidi katika shule kama Norman Manley ya Jamaica au Hugh Wooding ya Trinidad kabla ya kuwa wakili. Tanzania iliwahi kunufaika na mtu wa huko. Philip Telford Georges, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica mwaka 1923, alifanya uwakili Trinidad, akawa jaji huko, kisha akaja kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 1965 hadi 1971, alipompisha Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza kushika kiti hicho. Baadaye Georges aliongoza pia mahakama za Zimbabwe na Bahamas. Kijana anayeambiwa kwamba kazi ya madai ni ya kuishia mjini kwao amkumbuke mtu huyo aliyeanzia kisiwani kwenye ofisi ya wakili.

Wakati wa chuo, kosa kubwa ni kusoma vitabu vya mihadhara peke yake. Hukumu zenyewe ndizo shule. Tovuti ya TanzLII inazitoa bure, pamoja na za Mahakama Kuu Songea, na simu ya kawaida yenye bando inatosha kuzisoma. Mwanafunzi achague hukumu moja ya madai kila wiki na ajiulize mambo manne: nani alidai nini, ushahidi gani ulitolewa, mahakama iliegemea wapi, na aliyeshindwa angefanya nini tofauti. Swali la mwisho lina thamani kuliko yote.

Aanze na ile ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Wanafunzi wote wa sheria hukariri kwamba hukumu hiyo ilitambua kazi za nyumbani za mke kuwa mchango katika kuchuma mali ya ndoa, na ni kweli, wanawake wengi wamepata haki zao kwa sababu yake. Wachache husoma mpaka mwisho na kuona kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa ile, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe na akazitumia vibaya. Kanuni ilishinda, mteja akatoka mikono mitupu. Wakili wa madai anayeishia kwenye kanuni bila kuuliza fedha zilikwenda wapi atawaumiza watu.

Kuhusu lugha, lazima mambo yasemwe wazi. Sheria ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hilo ni jambo la heshima kwa mwananchi anayekuja kudai haki yake. Hata hivyo hukumu nyingi za miaka sitini iliyopita ziko kwa Kiingereza, na bado kuna mazingira ambamo mahakama inaruhusiwa kukitumia. Kijana wa Lizaboni anahitaji lugha zote mbili, kila moja kwa kiwango cha kuandika ukurasa mzima usio na utata. Kiswahili cha mtaani hakitoshi kuandika hati ya madai, kama vile Kiingereza cha kukariri hakitoshi kusoma uamuzi wa kurasa 40. Aandike kila siku, ampe mwalimu au wakili anayemfahamu amsahihishie, na asione haya wino mwekundu ukijaa.

Baada ya shahada ndipo ifuatapo Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka uliofuata. Iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, kwa hiyo familia ipange mapema suala la ada, chumba na chakula kwa muda wa takriban mwaka mmoja. Kuna darasa, na kuna mafunzo kwa vitendo mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Akipangiwa vitendo, aombe Songea. Atakutana na majalada ya watu wanaoongea kama yeye, na mawakili ambao kesho watakuwa wapinzani wake, au waajiri wake.

Akifaulu anapeleka maombi kwa Jaji Mkuu, anahojiwa, anaapishwa na jina lake linaingia kwenye orodha ya mawakili. Kisha anakuwa mwanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa 1954, analipia leseni kila mwaka na anahudhuria mafunzo endelevu. Hali ya leseni huonekana kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Mwananchi mwenyewe anaweza kulitafuta jina la wakili humo, na kila mzee wa Lizaboni anayetaka kumpa mtu fedha za kesi amwombe kijana wa nyumbani amtafutie. Vishoka ni wengi: watu wanaovaa suti, wanaandika viapo na kupokea fedha bila kuwa mawakili. Madhara yake hubebwa na mteja, ambaye nyaraka zake hukataliwa wakati muda wa kufungua shauri umeshakwisha.

Muda. Hapa ndipo wakili mchanga anatakiwa kuwa mkali kupita kiasi. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, ya mkataba miaka 6, ya madhara kama ajali au kashfa miaka 3. Mdaiwa ana siku 21 za kujibu kwa maandishi tangu apokee hati ya madai. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo ni siku 30, kutoka Baraza la Ardhi la Wilaya siku 45. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kuomba kuongezewa muda kunawezekana, lakini ni lazima kueleza kila siku iliyopotea, na sababu kama „nilikuwa natafuta wakili“ mara nyingi hazipiti. Katika miaka ya mwanzo wakili awe na daftari la tarehe, kalenda ya ukutani na kikumbusho cha simu, vyote vitatu. Mfumo wa kusajili mashauri kwa mtandao umeondoa foleni ya masjala, lakini mtandao wa Songea ukikatika saa tisa alasiri ya siku ya mwisho, atakayelaumiwa ni yeye.

Ahakikishe pia anatumia toleo sahihi la sheria. Toleo la Urekebu la 2023 lilianza kutumika Julai 2025, na namba za vifungu alizozikariri chuoni huenda zimebadilika.

Mteja anayetaka kuishtaki Manispaa ni mfano mzuri wa jambo linalomwangusha mgeni wa kazi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020, notisi ya siku 90 inatakiwa kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu hata kama thamani yake ni ndogo. Wakili asiyelijua hilo anafungua shauri Mahakama ya Wilaya, anapokea pingamizi la awali, anaondolewa, na mteja amelipa gharama bure.

Miaka miwili mitatu ya kwanza ni bora akae chini ya wakili mkongwe, hata kwa malipo madogo, kuliko kufungua ofisi yake siku ya pili baada ya kuapishwa. Abebe majalada, aandike rasimu, asikilize mzee wa kazi anavyomwambia mteja ukweli mchungu. Na kuna milango mingine isiyopaswa kudharauliwa. Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoundwa mwaka 2018, ndiyo inayoendesha kesi za madai kwa niaba ya Serikali. Benki, mashirika na halmashauri huajiri wanasheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imetambua wasaidizi wa kisheria, na wakili anayejitolea kuwasaidia siku chache kwa mwezi hujifunza matatizo ya watu kabla hayajavaa lugha ya mahakama.

Usuluhishi nao ni sehemu ya kazi, wala si dalili ya woga. Tangu 1994 taratibu za mahakama zetu zinataka kesi ya madai ipitie upatanishi kabla ya kusikilizwa. Ndugu wawili wanaogombea shamba watabaki majirani baada ya hukumu, na watakutana msibani. Wakili anayewasaidia kuandika makubaliano safi, yenye mipaka na tarehe za malipo, yakasajiliwa kuwa tuzo ya mahakama, amewafanyia kazi kubwa kuliko yule aliyewapitisha miaka saba ya rufaa. Malipo yake yaandikwe tangu mwanzo kwa mkataba na stakabadhi, na fedha za mteja zikae kwenye akaunti ya wateja, zisichanganywe na za ofisi. Uzembe wa fedha ndio unaowafikisha wengi mbele ya Kamati ya Mawakili.

Linabaki suala ambalo wateja husahau kuuliza na wakili mwema huliuliza kwanza: tukishinda, tutalipwa kutoka wapi? Hukumu ya milioni 40 dhidi ya mtu asiye na kitu haijengi nyumba. Sheria inakinga baadhi ya mali zisikamatwe, ikiwemo nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake na vifaa vyake vya kazi, hivyo dalali wa mahakama hawezi kuchukua chochote anachokiona. Tuzo inaweza kukaziwa ndani ya miaka 12, muda wa kutosha kwa mdaiwa kupata mali, na pia kwa mali kuhamishiwa kwa shemeji. Kabla ya kuandika hati ya madai, wakili amuulize mteja: mdaiwa ana gari, ana ghala, ana akaunti, ana kiwanja kingine mbali na anapoishi, anadai watu wengine? Majibu yaandikwe kwenye faili siku ileile ya kwanza, pamoja na majina ya wanaoweza kuyathibitisha.